Bibi yangu aliloweka data ya kompyuta kwenye bakuli la marashi (Malindi, miaka ya themanini)

Wakuu, nawasalimu nyote, wa bara na wa pwani, mnaosoma kimya kimya na nyie wenzangu mnaojibu kabla hamjamaliza kusoma.

Juzi kuna kijana humu alijisifu kwamba kizazi chao ndicho cha kwanza kuhamisha vitu kwa kumulika vile vidoti vya kwenye karatasi. Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Mwanangu, mimi nilikuwa nahamisha data kwa karatasi ya vidoti kabla mama yako hajavunja ungo.

Nitakayoyasema hapa ni kweli tupu, sijaongeza chumvi. Chumvi ilikuwemo tayari.

Halafu mimi ni mwanamke. Naliweka wazi mapema kwa sababu kila nikiandika humu naitwa kaka.

Twende.

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, Malindi. Nilikuwa msichana wa Shella, mtaa wa hapo hapo mjini, niliyetoka kumaliza kozi ya uchapaji Mombasa, nikapata kazi kwenye mradi wa kichocho.

Kwa wasiojua, kichocho ni ule ugonjwa wa kukojoa damu. Unaupata kwa kuingia kwenye maji yenye konokono wake, na watoto wa Sabaki na Kakuyuni walikuwa wanaoga humo, wanateka humo, wanavua humo. Kukojoa damu kulikuwa jambo la kawaida kiasi kwamba wavulana wengine walidhani ni dalili ya kukua. Mimi niliposikia hivyo mara ya kwanza nilishika kichwa.

Timu yetu ilikuwa inakwenda shuleni, inapima mikojo kwa darubini, inapima na uzito wa kila mtoto, kwa sababu vidonge vilitolewa kulingana na kilo. Karatasi zao zikirudi Malindi nazichapa mimi kwenye kompyuta. Kisha data inatakiwa ifike Kilifi, alikokaa daktari na zilikokaa dawa. Kompyuta ya Kilifi ndiyo iliyopanga nani apewe vidonge vingapi.

Sasa hapo ndipo palipokuwa na sinema.

Kompyuta ya Malindi tulipewa na wafadhili wa nchi moja. Ya Kilifi ilitolewa na wafadhili wa nchi nyingine. Mashine mbili hazisikilizani kama wake wenza. Diski ya huku ukiitia kule, inatemwa. Internet hakuna. Simu ilikuwepo, lakini ukibahatika kumpata mtu Kilifi ulisikia upepo na nusu ya jina lake.

Mwanzo tulichapa majina kwenye karatasi za kawaida, wenzetu wa Kilifi wakayachapa tena upya kwenye mashine yao. Siku moja mchapaji wa kule akakosea kilo, mtoto wa chekechea akaandikiwa vidonge vya mtu mzima. Bahati nesi alimtazama mtoto kabla ya kumpa.

Mkuu wetu, Daktari Wambua, mtu wa Machakos, mwenye haki lakini mkali kama pilipili kichaa, akapiga marufuku. Hakuna kuchapa upya kwa mkono tena. Data iingie Kilifi vile vile ilivyotoka Malindi, au isiingie kabisa.

Ndipo fundi mmoja kutoka Nairobi akatuletea kile kidude.

Wakuu, jaribuni kuniona. Msichana wa Shella, nimevaa buibui langu, namtazama fundi akibonyeza vitufe. Printa yetu ilikuwa ile ya sindano, yenye utepe wa wino na kelele za kusaga meno. Ikachapa, lakini haikuchapa herufi. Ilichapa mikanda. Kila mkanda upana wa kidole gumba, urefu wa karatasi nzima, ndani yake vijumba vidogo vidogo vyeusi na vyeupe vimebanana mpaka macho yanauma. Barcode, akasema fundi. Siyo hii ya kwenye sabuni, hii imebeba majina ya watoto wote wa shule.

Nikamwambia haya, na mimi nimebeba bahari kwenye kikombe.

Tukaenda naye Kilifi. Huko akachukua kitu kirefu kama rula nene, kina waya, akakilaza juu ya mkanda. Ndani yake kuna taa, inatembea taratibu kutoka juu hadi chini, inanguruma kama paka aliyeshiba. Kioo cha kompyuta kikanyamaza kidogo.

Halafu majina yakaanza kushuka. Kahindi fulani. Mwanamkuu fulani. Kilo zao. Majibu yao. Kila kitu nilichokichapa kwa vidole vyangu Malindi, kiko Kilifi, na katikati hakukuwa na kitu ila karatasi.

Niliinama nikachungulia chini ya meza. Kweli kabisa. Nilidhani fundi ameficha diski. Mwili ulinisisimka, nikasoma Ayatul Kursi moyoni.

Basi ikawa ndiyo kazi yetu. Malindi nachapa mikanda, napelekwa na gari Kilifi, inasomwa, dawa zinatoka.

Ila karatasi zile zilikuwa na masharti yake. Usizikunje. Usizishike kwa mkono wenye mafuta wala majimaji. Usizitie chini. Vumbi likiingia kwenye vijumba, lile jicho la mashine linapotea njia. Mimi nilizifunga kwenye leso safi, iliyofuliwa na kupigwa pasi, na sikumruhusu mtu kuzigusa.

Yashikeni masharti hayo, ndiyo yaliyoniponza.

Sasa niwaambie kuhusu Zuhura.

Zuhura ni mtoto wa dada yangu mkubwa, aliyeolewa Sabaki. Dada alikuwa na kichanga, na Zuhura alikuwa mgonjwa, basi akaletwa Shella akae na sisi, yaani mimi na bibi yetu mzaa mama. Alikuwa msichana wa darasa la tatu, mwenye maneno na michezo. Alipofika kwetu michezo ilikwisha. Kila akienda haja ndogo analia. Macho yake yalikuwa meupe ndani, na akipanda ngazi tatu za mlangoni anakaa apumzike.

Alikuwa amepimwa shuleni kwao Sabaki kabla ya kuja, na jibu lilikuwa anacho, tena kikali. Jina lake nililichapa mwenyewe. Kilo zake zilinikaa kichwani bila kutaka, kwa kuwa ni damu yangu: ishirini na sita.

Najua mtauliza, kwa nini usimchukulie vidonge tu, si unafanya kazi hapo hapo? Wakuu, vidonge vilikuwa Kilifi, vimefungiwa kabatini. Kila kimoja kilikuwa na hesabu yake kwa wafadhili, na Daktari hatoi hata kimoja kwa mtoto ambaye kompyuta haijamtaja. Nilijaribu kumwomba. Alinijibu, "Akianza mmoja wa ofisini, kesho watakuja kumi wa chifu." Sikuweza kumlaumu.

Data ya Sabaki ndiyo ilikuwa ya mwisho. Mawingu ya masika yalikuwa yameanza kujikusanya, na timu ilikuwa inahamia wilaya nyingine. Mpango ulikuwa gari la dawa liondoke Kilifi Ijumaa baada ya adhuhuri, lipite Kakuyuni, limalizie Sabaki. Shule ambayo data yake haijasomwa siku hiyo, watoto wake wangoje mpaka timu irudi. Hakuna aliyejua itarudi lini. Na nilimtazama Zuhura, nikajua yeye hawezi kungoja.

Alhamisi alasiri nikachapa mikanda yote. Nikamaliza na ya Sabaki, ikakaa juu kabisa.

Sijakaa sawa, umeme ukakatika. Malindi hiyo, si ajabu. Ajabu ilikuwa uliporudi. Ulirudi kwa kishindo, taa zikawa nyeupe kama radi, na kompyuta yangu ikatoa moshi nyuma. Harufu ya plastiki ikajaa ofisi nzima.

Nikabaki nimezikumbatia zile karatasi. Mashine imekufa, diski ipo lakini hakuna wa kuisoma. Nakala ya data ya watoto wale ambayo Kilifi ingeikubali ilikuwa moja tu duniani, nayo ilikuwa mikononi mwangu.

Nikazipeleka nyumbani, kwa sababu asubuhi gari lingenichukua pale pale Shella.

Nikaingia, nikamwamkia bibi, "Shikamoo bibi," akaitika. Nikaweka lile bunda la leso juu ya kabati. Nikamwambia, "Bibi, nakuomba. Karatasi hizi zisishikwe na mkono wa maji. Zisitiwe chini. Zisikunjwe. Kesho asubuhi nna kazi nazo, za kina Zuhura."

Bibi akanitazama kwa muda. Kisha akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeelewa zaidi ya ulichosema.

"Nshafahamu, mwanangu," akasema. "Usiwe na wasiwasi."

Na mimi sikuwa na wasiwasi. Nililala usingizi wa pono.

Asubuhi niliamshwa na harufu ya marashi ya waridi.

Nikajinyoosha, nikawaza, leo kuna harusi kwa nani? Kisha nikatazama juu ya kabati. Bunda lipo, lakini fundo la leso si langu.

Nikatoka uani bila hata mtandio.

Bibi amekaa kwenye kibao, ameshatawadha, ana tasbihi shingoni. Mbele yake lile bakuli lake la kaure la maua, ambalo hata siku ya Idi halitoki kabatini. Zuhura yuko juu ya mkeka, ameshika kikombe kitupu, anangoja. Na ndani ya bakuli, ndani ya maji na marashi, imelala mikanda yangu. Karatasi ya Sabaki. Yote.

Sijui nilipiga ukelele gani. Jirani wa ukuta wa pili aliuliza nani kafa.

"Wapiga kelele za nini asubuhi yote hii?" bibi akaniambia, wala hakushtuka. "Njoo unsaidie. Wino wenyewe hauteremki."

"Bibi, wafanyani? Bibi!"

"Namfanyia mtoto kombe. Leo Ijumaa, siku ya baraka. Nimesugua na nimesugua, maji yako vile vile. Mwalimu wako katumia wino gani huu?"

Hapa nisimame niwaeleze watu wa bara.

Kombe ni dawa ya kwetu. Mwalimu wa chuo anaandika aya za Qurani kwa zafarani, kwenye sahani au kwenye karatasi. Mara nyingine anachora na jedwali, vijumba vijumba vyenye maandishi ndani. Unaiosha kwa maji na marashi ya waridi, wino unashuka, mgonjwa anakunywa. Na karatasi hiyo ina adabu zake. Haikunjwi ovyo. Haitiwi chini. Haishikwi kwa mkono usio safi. Inafungwa kwenye kitambaa safi, inawekwa juu.

Mmeona? Masharti ni yale yale. Mimi mwenyewe nilimpa, moja baada ya jingine, kwa mdomo wangu, na bunda nikaliweka juu ya kabati.

"Bibi, hizo si za mwalimu! Hizo ni za ofisini!"

"Nilijua utasema hivyo," akanijibu kwa upole, huku akiigeuza karatasi kwa ncha za vidole. "Nikasema, huyu kaenda kwa mwalimu kwa ajili ya mtoto, ila aona haya, mtu wa ofisi yeye, mtu wa mashine. Basi sikukuuliza. Nimechukua moja tu, ya juu. Nyingine sikuzigusa."

Wakuu, nilitaka kukasirika nikashindwa. Huyu bibi alikuwa ameamini kwamba nimeficha imani yangu kwa aibu, naye akanisitiri. Nani amgombeze mtu kwa hilo? Nilikaa chini ya ukuta nikalia.

"Amekunywa?" nikauliza.

"Anywe nini? Maji haya meupe hivi? Dawa imekataa kushuka!"

Ndipo akili ikanirudia. Imekataa kushuka.

Nikachungulia bakulini. Maji yalikuwa yamepata ukungu kidogo tu, kijivu kwa mbali. Vijumba vilikuwepo. Vyeusi, vimebanana, vinanitazama. Baadaye fundi alinieleza kwamba wino wa ule utepe wa printa una mafuta ndani yake, maji hayaupati kirahisi. Mimi wakati ule sikujua lolote. Niliona kama ndoto. Karatasi imelala kwenye maji tangu baada ya sala ya alfajiri, imesuguliwa na vidole vya bibi yangu, na maandishi yapo!

Nikaitoa kama mtu anayetoa mtoto mchanga kwenye beseni. Nikailaza kati ya leso mbili, nikaibonyeza maji yatoke, nikapitisha pasi ya makaa iliyokwisha kupoa. Ikakauka, lakini ikawa na mawimbi, na upande mmoja, pale bibi aliposugua kwa bidii, karatasi ilikuwa imechunika na kutoa vinyweleo.

Honi ikalia nje. Katana, dereva wetu, mtu wa Ganze, amefika.

Nikamwambia bibi kwa hasira na kwaheri pamoja, nakwenda. Akaniambia, "Sisi pia." Alikuwa ameshavaa buibui, amemshika Zuhura mkono. "Nimeharibu mimi, nitakwenda kusema mimi. Huyo daktari wako hataniuma."

Katana akatufungulia mlango, akavuta pumzi. "Dada, leo gari limekuwa la bi harusi?"

Kutoka Malindi hadi Kilifi nilikaa na ile karatasi mapajani, madirisha yamefungwa, joto la kuua, marashi yananukia mpaka kichwa kinauma. Zuhura alilala begani kwa bibi. Pale Gede tulisimama ajisaidie, akarudi analia.

Kilifi, Daktari Wambua alikuwa anatungoja mlangoni, gari la dawa limeshapakiwa. Aliona bibi, akasita, kisha akakumbuka adabu za pwani. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karatasi yako nimeilowesha mimi. Huyu hana kosa."

Daktari akanigeukia. "Ameilowesha aje?"

Nikamweleza. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa mbuzi amekula pasipoti. Akachukua karatasi, akainusa. Kweli aliinusa! Akasema, "Hebu tuone."

Shule nyingine zikasomeka bila tatizo. Ikaja ya Sabaki. Mikanda ilikuwa kadhaa kwenye ile karatasi, imepangwa bega kwa bega, sehemu ya wa mwisho ndiyo iliyochunika.

Rula ikalazwa juu ya mkanda wa kwanza. Taa ikatembea.

Majina yakashuka!

Nilimshika Katana mkono nikamminya. Karatasi iliyooshwa kwa marashi, imesuguliwa, imepigwa pasi, na mashine inaisoma! Nawaambia, hata ile siku ya kwanza na fundi sikushtuka vile. Bibi alikuwa ameinama karibu na kioo, haelewi herufi za Kizungu, lakini aliona kitu kinatoka kwenye karatasi na kuingia kwenye mashine. "Subhanallah," akasema. "Kumbe lashuka kwa taa."

Mkanda wa pili, ukasomeka. Na uliofuata pia. Tukaanza kucheka.

Wa mwisho ukakataa.

Daktari akaipitisha tena. Mashine ikalia sauti mbaya ya kukataa. Akailaza karatasi chini ya kipande cha kioo cha dirisha inyooke. Ikakataa. Akaipitisha kutoka upande mwingine, akafuta kioo cha rula kwa shati lake. Ikakataa. Na ile programu ilikuwa haina mzaha, mkanda mmoja ukikosekana inalitupa faili zima. Sabaki yote ikafutika kwenye kioo mbele ya macho yetu, na wale waliokwisha kusomwa.

Nilijua nani yuko kwenye mkanda ule. Majina yalikwenda kwa alfabeti. Zuhura ni herufi ya mwisho.

Daktari akavua miwani. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Pole sana. Kakuyuni tutaenda. Sabaki itabidi wangoje. Mimi siwezi kutoa dawa bila data."

Nikaanza kumbembeleza. Nikasema nitazichapa kwa mkono, naikumbuka orodha. Akakataa, na mimi mwenyewe nilijua siikumbuki. Tukawa tunabishana juu ya ile karatasi, yeye ameshika ncha hii, mimi ile, Katana naye anasema tuipige pasi tena.

Bibi alikuwa amekaa kwenye benchi, Zuhura kichwa kiko mapajani mwake. Akapiga kofi moja kwenye mbao za benchi.

"Nyie watu," akasema. "Mtoto huyu hapa. Yupo mbele yenu tangu asubuhi. Kwani ni karatasi yenye kukojoa damu?"

Wakuu, niliiachia ncha yangu ya ile karatasi.

Nilimtazama Zuhura. Naapa kwa Mungu, tangu pale uani asubuhi sikuwa nimemtazama vizuri. Nilikuwa natazama karatasi tu.

Daktari alisimama pale, mkono umeshika ncha ya karatasi. Kisha akaiachia. Akaenda kwenye kona, akavuta mizani, akamwambia Zuhura kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Njoo msichana, panda hapa."

Zuhura akapanda. Sindano ya mizani ikacheza, ikatulia.

Ishirini na moja.

"Kwenye data yenu alikuwa na ngapi?" Daktari akaniuliza.

Nikamjibu, "Ishirini na sita."

"Mlipima lini?"

"Kabla ya likizo."

Akaitazama ile kompyuta, akamtazama mtoto. Nikaelewa anachokiwaza. Kama bibi asingeigusa ile karatasi, mkanda ungesomeka vizuri sana. Mashine ingemwandikia Zuhura vidonge vya mtoto ambaye hayupo tena, mnene kuliko yeye. Na siyo Zuhura tu. Watoto wagonjwa wote wa Sabaki walikuwa wanapungua huku data yetu imekaa pale pale, safi, haina kosa hata moja.

Daktari alitoka nje. Nikamsikia akimwambia mtu wa gari, "Pakia mizani. Na darubini. Kila mtoto atapanda mizani kabla ya kupewa kitu, Kakuyuni na Sabaki. Jina langu litakuwa kwenye barua ya wafadhili, siyo lako."

Walikwenda. Walirudi siku iliyofuata wamelowa matope mpaka kiunoni, lakini walikwenda.

Zuhura alimeza vidonge vyake pale pale Kilifi, kwa kilo zake za siku ile. Bibi ndiye aliyemshikia maji. Alitapika kidogo njiani, akalala, na baada ya majuma machache nikamkuta uani anaruka kamba na kugombana na watoto wa jirani. Nilikaa kwenye ule ule ukuta nikalia tena, safari hii kwa raha.

Bibi naye Ijumaa iliyofuata alikwenda kwa mwalimu wa kweli, akaleta kombe la zafarani, wino ukashuka kama kawaida, mtoto akanywa. Ukimuuliza nani alimponya Zuhura, alikuwa na jibu lake hadi anaingia kaburini, Mungu amrehemu. Mimi nina langu. Hatukuwahi kugombana juu ya hilo.

Nilichojifunza ni hiki. Siku ile sote tulikuwa na mapenzi na yule mtoto, na sote tulikimbilia karatasi. Bibi aliiosha, mimi niliikausha, Daktari akaisomesha mashine. Mtoto amekaa kwenye benchi. Leo nikiona mtu hospitalini anamulika simu, anatazama kioo, anamwambia mgonjwa "system haikuoni" wakati mgonjwa yupo mbele yake anatetemeka, damu inanichemka.

Haya, nimemaliza yangu. Kama kuna mtu humu aliyewahi kuviona vile vidude vya rula na taa, ajitokeze, maana watoto wangu wanadhani nimetunga. Wataalamu wa kompyuta mnaweza kunisahihisha, sitanuna. Na mwenye kutaka kumcheka bibi yangu anakaribishwa pia, ila aanze kwa kujibu lile swali alilotuuliza Kilifi.